Picha Isiyo na Paukwa: Maoni Juu ya Kazi ya Wanafunzi Kutoka Nunguni

Makala haya yanakusudia kutoa maoni juu ya mkusanyo wa picha 22 zilizopigwa na wanafunzi wetu huko Nunguni, katika milima ya Kilungu, Makueni, kisha zikageuzwa kwa kompyuta, na hatimaye zikatundikwa kwa muda wa juma moja katika ukumbi wa idara. Msomaji wa jarida la lugha ana haki ya kuuliza picha zimeingiaje humu. Zimeingia kwa sababu mbili. Kwanza, wanafunzi walipewa sharti kwamba kila picha iandamane na maelezo ya Kiswahili yasiyozidi maneno 50, na maelezo hayo ni matini kama matini nyingine yoyote, yenye mtunzi, hadhira na dhamira. Pili, mjadala uliozuka mbele ya picha hizo ulikuwa ni ule ule ambao wahakiki wa fasihi wameuzungusha tangu zamani: kazi ya sanaa inapodai kusema kweli, inadai kitu gani hasa?

Siku ya kwanza ya maonyesho, mwalimu mwenzetu mmoja, mtu ninayemheshimu sana, alisimama mbele ya picha ya tatu akatikisa kichwa. Alisema kuwa picha iliyoguswa na kompyuta si picha tena bali ni kitu cha kughushi, na kwamba mwanafunzi aliyeleta kazi ya namna hiyo astahili adhabu ile ile apewayo mwanafunzi anayebuni data ya utafiti. Wanafunzi kwa upande wao walijitetea kwa neno moja tu, nalo ni ubunifu. Walilirudia mara nyingi mno, kama mtu anayeonyesha cheti mlangoni. Niliwasikiliza wote, nikaona kwamba kila upande umelikwepa swali. Anayesema kuwa kugusa ni kughushi anachukulia kwamba ipo picha isiyoguswa. Anayejificha nyuma ya ubunifu anachukulia kwamba mbunifu hana wa kumjibu.

Tuanze na lile la kwanza. Kiswahili hakijapata kuamini kwamba picha huzaliwa yenyewe. Picha hupigwa, kama ngoma na chapa zipigwavyo. Na katika siku za filamu, baada ya kupigwa ilisafishwa. Aliyepata kungojea picha zake katika studio ya Machakos au ya Mombasa miaka ya 1970 na 1980 anakumbuka jibu la mwenye studio: bado hazijasafishwa. Neno hilo lilitaja kazi ya dawa na maji katika chumba cha giza, lakini lilidokeza pia kwamba kuna mtu, nyuma ya pazia, aliyekuwa akiamua kipi kikolee na kipi kififie. Wala jambo hili si la kwetu tu. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, Mswidi aliyefanya kazi Uingereza, aliunganisha negativu zaidi ya 30 kupata picha moja. Mwaka 1982 jarida la National Geographic lilizisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee katika jalada lake. Programu ya Photoshop ilipoanza kuuzwa mwaka 1990, ilimpa mtu wa kawaida hila ambazo mabingwa wa chumba cha giza walikuwa nazo kwa zaidi ya miaka mia moja. Na simu nyingi za leo huunganisha picha kadhaa zilizopigwa kwa kufuatana upesi, zikang'arisha vivuli na kulainisha uso, kabla mwenye simu hajaona chochote. Mwenzetu aliyetikisa kichwa alikuwa amekwisha kuyapiga picha maonyesho hayo hayo kwa simu ya namna hiyo. Nilimweleza, alicheka, lakini hakubadili msimamo wake.

Kwa hiyo sitauliza kama picha hizi zimeguswa. Zote zimeguswa. Nitauliza zimeguswa kwa ajili gani, na mtazamaji ameachiwa njia gani ya kujua.

Nyingi kati ya zile 22 hazina jibu la swali hilo, na sitazipitia zote. Picha iitwayo "Machweo ya Nunguni" yatosha kuwa mfano. Mwanafunzi amepiga picha ya mteremko wenye ukungu, akaliondoa wingu lote, akaweka mahali pake anga la rangi ya chungwa alilolipata kwingineko, na mbele ya anga hilo akasimamisha mbuyu mweusi. Sasa, Nunguni ni mji wa mlimani, wenye baridi na ukungu hasa katika miezi ya Juni na Julai. Miti yake ni mikaratusi, migrevilea, miparachichi na mibuni mashambani. Anayetaka mibuyu ya Makueni sharti ateremke mpaka pande za Kibwezi na Mtito Andei, kando ya barabara kuu ya Mombasa, ambako ipo mingi na mikubwa. Mwanafunzi huyu hawezi kusingizia ugeni, maana amelelewa katika milima hiyo hiyo. Alipoulizwa mbuyu umefikaje Kilungu, alijibu kwamba bila mbuyu picha haikuonekana kuwa ya Afrika.

Jibu hili lilinihuzunisha kuliko picha yenyewe. Macho yaliyoitunga picha hiyo si yake. Ni ya kalenda za watalii na ya majalada ya riwaya za Kiafrika zinazochapwa ng'ambo, ambayo kwa miaka mingi yameifanya Afrika nzima kuwa mti mmoja chini ya jua jekundu. Mtoto wa Kilungu ameondoa ukungu wa kwao ili apate kufanana na Afrika ya wengine. Maelezo yake nayo yanasifu "uzuri wa asili" kwa maneno ambayo yangeweza kubandikwa chini ya picha ya mahali popote, na huo ndio ushahidi wangu mkubwa kwamba kosa halikuanzia katika kompyuta. Lilianzia katika lugha.

Picha ya soko imefagiliwa kwa namna nyingine. Ndani yake hamna nyaya za umeme, hamna takataka, hamna hata pikipiki moja ya abiria, na kila aliyefika soko lolote la Ukambani katika miaka hii anajua kuwa hilo ni jambo la muujiza. Katika kuiondoa pikipiki moja mwanafunzi ameuondoa pia mkono wa mwanamke aliyekuwa akipokea chenji. Mkono umeishia kwenye kiwiko, na noti imebaki hewani. Nilipomwonyesha alishtuka. Alikuwa ameitazama picha hiyo kwa siku tatu, akitafuta uchafu, wala hakumwona mama yule.

Picha ya tisa ni kazi ya fikra zaidi, nayo ndiyo inayotulazimisha kurudi katika historia. Mwanafunzi wa kike ameugawa mteremko mmoja sehemu mbili. Upande wa kulia ni matuta ya kijani, yamepandwa mahindi na migomba. Upande wa kushoto mteremko ule ule umekuwa wa kijivu, uchi, umepasuka makorongo. Chini yake ameandika kwamba hii ni jana na leo: wazee waliiharibu ardhi kwa mifugo mingi, na kizazi cha sasa kimeiponya. Upande huo wa kushoto hakuupiga popote. Aliutengeneza kwa kuondoa rangi katika picha ya leo na kupachika makorongo ya machimbo ya mchanga ya mahali pengine. Nilimwuliza hiyo jana aliitoa wapi. Alisema kwamba aliitoa katika picha za Barnes, ambazo nilikuwa nimewaonyesha mimi mwenyewe darasani.

Hapana budi tuzieleze picha hizo. R. O. Barnes alizipiga mwaka 1937 katika rizavu ya Wakamba ya Machakos, kwa ajili ya kazi ya Idara ya Kilimo juu ya mmomonyoko wa udongo. Milima ya Kilungu wakati huo ilihesabiwa katika Machakos. Makueni haikuwa wilaya ya peke yake mpaka mwaka 1992. Ni picha kali: vilima visivyo na jani, mitaro iliyochimbwa na mvua, udongo mwekundu uliogeuka kuwa kijivu katika karatasi. Hapana aliyezighushi. Makorongo yalikuwapo, na wazee wa Ukambani wenyewe hawayakani. Lakini picha huonyesha yaliyomo ndani ya fremu yake tu. Ndani ya fremu hizo zilikuwamo ardhi na nyayo za mifugo. Nje ya fremu zilibaki nchi za Mua zilizotwaliwa na walowezi, na malisho ya Yatta ambayo Wakamba hawakuruhusiwa kuyatumia kwa hiari yao. Mtazamaji wa Nairobi, aliyeziona zikiwa mezani pamoja na ripoti, alimwona mkosaji mmoja tu, naye ni mwenye ng'ombe.

Mwaka 1938 serikali iliamuru mifugo ya Wakamba ipunguzwe kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei hafifu, na huko Athi River kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kikiwangojea. Mwezi wa Julai maelfu ya watu, wake kwa waume, wakiongozwa na Muindi Mbingu wa Ngelani, walikwenda Nairobi wakakaa huko kwa majuma kadhaa wakidai kumwona Gavana. Muindi alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo, upunguzaji wa kulazimishwa ulisimamishwa kabla mwaka huo haujaisha. Leo jina lake ni jina la mtaa katikati ya Nairobi, na wengi wa wanafunzi wetu huupita wakienda kupanda gari bila kujua ni la nani. Sisemi kwamba picha ndizo zilizowachukua ng'ombe. Nasema kwamba katika kesi ile picha zilikuwa upande mmoja, na upande wa pili haukuwa na kamera.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1991 watafiti walirudi mahali pale pale aliposimama Barnes, wakapiga picha tena. Matokeo yalichapwa mwaka 1994 katika kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, More People, Less Erosion. Katika muda wa miaka sitini watu wa Machakos walikuwa wameongezeka karibu mara sita, kutoka kiasi cha 240,000 hadi kiasi cha 1,400,000, na vilima ambavyo wataalamu walikuwa wamekwisha kuvitangazia mauti vilikuwa vimevaa matuta na miti. Matuta hayo yanajulikana katika vitabu vya kilimo ulimwenguni kwa jina la Kiswahili, "fanya juu", kwa kuwa udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko. (Neno hili limeingia katika Kiingereza bila kutafsiriwa wala kuomba ruhusa, na nashangaa kwamba wanaisimu wetu, wanaohesabu kila neno tulilolikopa, hawajalitia hilo katika hesabu ya yale tuliyokopesha.) Mengi yalichimbwa na vikundi vya mwethya, na wanawake ndio waliokuwa wengi katika vikundi hivyo.

Hata jozi hiyo ya picha, ya 1937 na ya 1991, ina fremu yake. Watafiti waliokuja baadaye walionyesha kwamba neema ile haikugawanyika sawasawa: aliyekuwa na mshahara wa mjini aliweza kulitengeneza shamba lake, na asiyekuwa nao aliendelea kuuza nguvu zake kwa jirani. Kilima kinaweza kuwa kijani ilhali nyumba moja juu yake ina njaa, na jambo hilo halionekani kutoka ng'ambo ya bonde.

Turudi katika picha ya tisa. Mwanafunzi amechukua hoja ya ripoti ya mkoloni, ameiondolea tarehe na jina, na kuiandika kwa mkono wake kama kumbukumbu ya ukoo. Hakukusudia hivyo. Isitoshe, ametumia rangi ya kijivu kama ushahidi. Katika picha isiyo na rangi hakuna kijani. Hata shamba la mahindi mabichi ndani yake ni kijivu, na jicho la leo, lililozoea rangi, huona ukame mahali ambapo pengine palikuwa na mvua ya jana yake. Lakini jambo lililonivutia zaidi ni dogo. Ukiusogelea ule upande wa kushoto, chini ya kijivu na chini ya makorongo ya kupachikwa, mistari ya matuta ya leo bado inaonekana. Hakuweza kuifuta yote. Laiti angeikazia mistari hiyo badala ya kuificha, angepata picha inayouliza swali, nayo maelezo yake yangelazimika kubadilika.

Hapa naomba nilete istilahi yangu. Msimulizi wa hadithi husema "Paukwa", na hadhira hujibu "Pakawa". Baada ya hapo fisi anaweza kuoa, sungura anaweza kumshitaki simba, na hapana atakayemwita msimulizi mwongo, kwani pande zote mbili zimekwisha kukubaliana zinaingia nyumba gani. Picha ya kamera haina paukwa. Huanza katikati, ikadai kuaminiwa kama shahidi aliyekwisha kula kiapo. Kwa hiyo msanii anayetaka kusimulia kwa kamera ana wajibu wa kuitafuta paukwa yake mwenyewe, ama ndani ya picha, ama katika maelezo yake.

Wapiga picha wa pwani waliijua kanuni hii bila kufundishwa na chuo chochote. Katika vibanda vya studio vilivyokuwa karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990, mteja alisimama mbele ya pazia lililochorwa meli au ndege, akapigwa picha, akaipeleka kwao. Wengi wa wateja hao walikuwa watu wa bara waliokwenda kutafuta kazi, na ni vigumu kuamini kwamba hakuna hata picha moja ya namna hiyo iliyofika Kilungu. Aliyeipokea hakudanganyika, kwani mkono wa mchoraji ulionekana na mikunjo ya pazia ilionekana. Alielewa kwamba mwanawe hajapanda ndege, na alielewa pia kwamba anatamani kuipanda, na kwamba ameyakumbuka ya nyumbani hata akatoa fedha zake kulitangaza tamanio hilo. Huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993, alikuwa akiunganisha picha kwa mikono katika studio yake tangu kabla kompyuta hazijajulikana kwetu, wala hakuuficha usanii huo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa kuchekesha. Mwaka 2016 msichana mmoja wa Kenya alijipachika katika picha za China, akazitandaza katika Facebook kana kwamba yuko safarini. Kazi ilikuwa mbovu ya kuonekana na kipofu. Nchi nzima ilicheka, watu wakampachika katika kila mahali pa dunia hii na nje ya dunia hii; kisha wengine wakaanza kuchanga fedha ili aende China kweli. Nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Leo nikizikumbuka picha zile naona kwamba mshono wake uliokuwa wazi ndio uliozifanya ziwe na utu. Zilisema jambo moja tu, nataka kusafiri, na hapana aliyeshindwa kulisikia. Fundi stadi angelizishona vizuri, angeliupata uongo mzuri, na hapana ambaye angelichanga hata shilingi.

Sidai kwamba ubovu wa kazi ni fadhila. Nasema kuwa ustadi wa kuuficha mshono, ambao programu za leo humpa kila mtu kwa dakika moja, na ambao akili bandia sasa humpa hata asiye na kamera, ni ustadi ambao mwanafunzi wa sanaa hana budi kuuliza unamtumikia nani. Mtu wa kalenda anauhitaji. Mpelelezi wa uongo anauhitaji. Mwanafunzi aliyekwenda Nunguni kueleza kwao kukoje, sijui anautakia nini.

Nafikia sasa picha ya kumi na saba, ambayo nakiri kwamba niliikosea. Mwanafunzi amepiga picha ya ng'ombe mmoja, mwekundu, mwenye baka jeupe begani, amesimama kwenye tuta chini ya nyumba ya babu yake. Kisha amemnakili ng'ombe huyo mara 18 na kuwatawanya kote mlimani, wakubwa kwa wadogo kwa kadiri ya umbali, hata kilima kizima kimejaa ng'ombe 19. Wote wana baka lile lile begani. Baadhi amewageuza kichwa upande wa pili, na vivuli vyao vimegeuka pamoja nao, hivi kwamba juu ya Kilungu inaonekana kuna majua mawili. Niliposahihisha mara ya kwanza niliandika kando yake neno "uzembe", nikampa alama za chini.

Kilichonifanya nirudi ni watazamaji. Kwa juma zima niliona watu wakisimama mbele ya picha nyingine, wakisema ni nzuri, wakapita. Mbele ya hii walisimama wakahesabu. Walihesabu kwa kidole, wakafika saba au nane, wakaliona baka, wakarudi mwanzo, na nyuso zao zikabadilika. Hapana hata mmoja aliyeuliza kama picha ni ya kweli. Walikuwa wameelewa kwamba wanaonyeshwa ng'ombe mmoja na nafasi 18 zilizo tupu. Paukwa ilikuwa ndani ya picha: baka lenyewe. Mwanafunzi ameniambia kwamba awali alitaka kuyabadili mabaka lakini muda ulimwishia, na mimi sioni haya kusema kwamba msanii aweza kusaidiwa na ukosefu wa muda.

Lakini maelezo aliyoiandikia yalikuwa mabaya. Yalisema: hawa ni ng'ombe wa babu yangu kabla Mzungu hajawachukua mwaka 1938. Fani imesema paukwa, maelezo yakasema wallahi. Maandamano ya Muindi yalianzia milima ya Iveti, na kamata kamata iliwaumiza hasa watu wa huko. Mwanafunzi alikuwa amechukua historia niliyomfundisha kwa ajili ya picha za Barnes akaimimina juu ya boma la babu yake bila kumwuliza mwenye boma, ambaye yu hai. Nikamtaka aichukue picha, aichape kubwa, aende nayo Nunguni akamwonyeshe.

Alikwenda. Mzee aliitazama kwa muda, akacheka, akasema ya kwanza kwamba huyu ni ng'ombe mmoja, na ya pili kwamba si wao, ni wa jirani. (Mwanafunzi hakuwa na habari.) Kisha akaishika picha kwa mikono miwili na kuanza kuwataja wale wasiokuwamo. Alionyesha mahali kilimani na kumtaja aliyekuwa akipenda kulala hapo, kwa jina lake la Kikamba, jina la rangi au la pembe au la tabia, na kusema alikokwenda. Mmoja alitolewa mahari. Wawili walikufa katika ukame wa mwaka 1984. Kadhaa, na hapa mzee alihesabu polepole, waliuzwa mmoja mmoja kila Januari kwa ajili ya karo, na kila mmoja alitajwa pamoja na mtoto aliyesomeshwa naye, hata ikajulikana kwamba ng'ombe fulani ni mjomba aliye mwalimu, na fulani ni shangazi mwuguzi. Wachache wa zamani zaidi alikuwa hakuwaona kamwe. Aliwajua kwa majina tu, kutoka kwa baba yake.

Mwanafunzi aliyasikiliza yote hayo kwa adabu, akarudi chuoni akiwa anakumbuka majina manne. Alikuwa na simu mfukoni iwezayo kurekodi sauti, ile ile iliyopiga picha, wala haikumpitikia kuitoa. Kwa miezi miwili alikuwa amejifunza kumfanya ng'ombe mmoja kuwa kumi na tisa, na majina yenyewe, ambayo hakuna programu iwezayo kuyanakili, alikuwa karibu kuyaacha mlimani. Nasema haya kwa ukali kidogo kwa sababu kosa ni letu pia. Tulimpa sharti la maneno 50, tukamwambia maelezo ni nyongeza ya picha.

Alirudi Nunguni mara ya pili, safari hii na daftari. Katika nakala ya picha hiyo iliyoko sasa idarani, maelezo yamezidi maneno 200, na sharti letu tumeliweka kando. Hayataji mwaka 1938. Ni orodha tu: jina la ng'ombe, tafsiri yake, na alikokwenda. Majina ni 13. Kilimani ng'ombe ni 19. Mwanafunzi alikuja kuniuliza kama awafute wale sita waliobaki, maana babu yake hakuwakumbuka. Nilimwambia awaache.